Doa la kijani ambalo halikuwa kwenye kitambaa

Nilikuwa nikishona sare za harusi za satini nyekundu katika kibanda changu Kariakoo, macho yakiwa yameganda kwenye mshono chini ya taa ya cherehani. Nilipokunjua kitambaa cheupe cha shela niliona juu yake doa pana la kijani chenye ubuluu. Nilikirudisha dukani kwa hasira. Muuzaji akakitandaza mlangoni, kwenye mwanga wa jua, na doa halikuwapo. Niliporejea kushona satini, kisha nikakitazama tena kile cheupe, doa likarudi. Fundi mzee wa kibanda cha jirani ndiye aliyeniambia, “Mwanangu, hamisha macho utazame ukuta wa ng’ambo.” Doa lilihama pamoja na macho yangu, tena likaonekana kubwa zaidi, kisha likafifia.

Kipimo hicho ndicho ninachowashauri mafundi wenzangu: doa la kitambaa hubaki kwenye kitambaa, bali doa la jicho hufuata jicho. Kukua kwake ukutani kulielezwa na Emil Emmert, daktari wa macho wa Uswisi, mwaka 1881: alama iliyobaki machoni haibadiliki ukubwa, lakini ubongo huikadiria kuwa kubwa kadiri sehemu inayotazamwa ilivyo mbali.

Nyuma ya jicho, kwenye retina, yaani utando unaopokea mwanga, kuna seli za koni za aina tatu, kila aina ikiitikia zaidi mawimbi ya mwanga ya urefu wake. Ukikazia macho kitu chekundu bila kuyahamisha, koni za mawimbi marefu, zinazoitikia nyekundu kuliko nyingine, za sehemu ileile ya retina hupunguza wepesi wake wa kuitikia. Weupe, ambao ungepaswa kuziamsha zote kwa uwiano, hupokewa kwa upungufu wa upande mmoja. Mjerumani Ewald Hering alieleza katika karne ya 19 kwamba tunaona rangi kwa jozi zinazoshindana, nyekundu na kijani, njano na buluu, hivyo upande mmoja ukilegea ule wa pili hutawala. Ni moja ya sababu za madaktari wa upasuaji, wanaokazia macho damu kwa muda mrefu, kuvaa kijani au buluu badala ya nyeupe.

Kwa hiyo usichague uzi mara tu baada ya kushona nyekundu, kwa maana kijivu kitakudanganya kuwa kina ukijani, na mteja atakuja kuuona mshono usiolingana akiwa ukumbini. Mimi hutoka mlangoni, nikaacha macho yatembee barabarani kwa dakika moja au mbili, ndipo nikarudi kulinganisha. Na wakati wa kushona, inua macho mara kwa mara, maana alama hujengeka pale jicho linapotulia mahali pamoja.

Jua na mwali wa kuchomelea vyuma usivitazame kabisa bila kinga. Doa lililobaki machoni hadi kesho yake si uchovu wa koni. Mwenye doa hilo apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.