CPA: ujisomee au ulipie darasa? Tazama kwanza karatasi inasahihishwaje

Matokeo ya kasneb, bodi ya Kenya inayotahini wahasibu, yakitoka tu, simu yangu haitulii. Mara binamu, mara jirani, mara kijana tuliyewahi kufanya kazi naye, na wote wana swali moja: nijisomee nyumbani au nitafute chuo mjini? Wanataka jibu moja la karatasi zote, na hapo ndipo tunaposhindwa kuelewana.

Nimepita njia zote mbili. Ngazi ya kwanza ya CPA, mitihani ya uhasibu ya kasneb, niliisoma peke yangu, ya kati nikaingia darasa la jioni katikati ya jiji, kisha nikafanya CFA, mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, bila mwalimu. Siku hizi mafundisho si haba. YouTube imejaa walimu, tena wa bure. Kitu kigumu kujifanyia ni kusahihisha kazi ya mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujauliza ada ni ngapi, uliza karatasi unayoikabili inatolewaje alama.

Chukua CFA ngazi ya kwanza. Ni maswali 180, kila moja na majibu matatu ya kuchagua, saa nne na nusu kwenye kompyuta zikiwa zimegawanywa mara mbili. Taasisi inayoutunga mtihani inashauri mtahiniwa atenge takriban saa 300 za kusoma. Hapo hakuna anayetaka kuona ulikopitia, ni jibu tu. Ukinunua maswali ya mazoezi ya mtandaoni, mashine inakusahihisha papo hapo na kukueleza ulipoteleza. Mwenye nidhamu, meza tulivu na kikokotoo kinachoruhusiwa (BA II Plus au HP 12C, basi) hahitaji kumlipa mtu. Ngazi ya tatu ina maswali ya kujieleza kwa maandishi, kwa hiyo hiyo ihesabu kando.

CPA ni habari nyingine. Alama ya kupita ni 50, na watu huisikia hiyo hamsini wakaidharau. Swali la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu hupewa alama hatua kwa hatua: faida iliyomo kwenye bidhaa ambazo kampuni hizo zimeuziana na bado hazijatoka stoo, mgao wa wanahisa wachache, marekebisho ya thamani ya mali. Anayejisomea hufanya swali, akafungua majibu, akaona mizania yake haikusawazika, akajipa sifuri. Au huyasoma majibu kwanza, akatikisa kichwa na kusema hii naijua. Wote wawili hawajui wamepata alama ngapi. Mwalimu wangu wa jioni alikuwa akizungushia duara nambari zilizokuwa sahihi kabisa na kuandika pembeni: umeitoa wapi? Kwa swali hilo moja alinionyesha alama nilizokuwa nikizimwaga bure.

Karatasi ya kodi nayo ina shida yake. Sheria haikai. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuongeza viwango vipya vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vya asilimia 32.5 na 35 kwa wenye mishahara minono. Mswada wa 2024 ukaondolewa baada ya vijana kujaa barabarani mwezi wa Juni, lakini Desemba mwaka huohuo sheria nyingine ikapita, na makato ya SHIF (bima ya afya) na ya nyumba za bei nafuu yakaanza kuondolewa kwenye mshahara kabla PAYE haijapigwa. Sasa mtu aliyerithi madaftari ya 2022 kutoka kwa dada yake anapiga hesabu ya sheria iliyokufa, na anaipiga kwa ufasaha! Ila usidhani kulipa ada ni kinga. Mpwa wangu aliniletea nukuu za masomo za chuo kimoja mjini, SHIF imeshaanza, na ndani bado NHIF, bima ya zamani iliyorithiwa na SHIF, imekaa kwa raha zake.

Sheria, uchumi, mawasiliano: hizo soma mwenyewe. Pakua silabasi, tafuta mitihani iliyopita, keti McMillan pale Banda Street au maktaba iliyo karibu nawe.

Nairobi ina ada nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Darasa likiisha saa mbili usiku, anayeishi Rongai au Kitengela anafika nyumbani saa nne, amechoka, na kesho kazini. Kama hali ndiyo hiyo, darasa la Jumamosi linakufaa zaidi. Wapo pia wanaolipa ili pesa iwaume ndipo wasome. Sina ugomvi nao. Kama shilingi ndiyo inayokuamsha, lipa.

Ukiamua kulipa, mfuate mwalimu wala si jengo. Walimu wa CPA hapa mjini huhamahama, na jina kubwa mlangoni halikuambii ni nani atakayesimama mbele ya darasa. Omba kukaa kipindi kimoja bila malipo. Uliza kazi za wanafunzi zinasahihishwa na nani na hurudi baada ya muda gani; wakianza kukusimulia habari za projekta na Wi-Fi, toka. Uliza pia silabasi inakamilika lini. Mitihani huwa Aprili, Agosti na Desemba, miezi minne tu kati ya mmoja na mwingine, na chuo kinachomaliza wiki moja kabla kinakunyima nafasi ya kudurusu. Mimi ningelipia karatasi za kodi na taarifa za fedha pekee, tena kwa awamu.

Na kama mfuko hauruhusu hata hizo mbili, tafuta wenzako wawili wanaofanya karatasi ileile. Kila mtu afanye swali moja nyumbani kwa muda wa mtihani, mkutane Jumamosi asubuhi, mbadilishane karatasi, na anayesahihisha aandike kila alama imetoka hatua gani. Anayekuja mikono mitupu arudishwe kwao siku hiyo, hata kama ndiye aliyeleta mandazi.