Matairi ya A/T kwa Jimny, na mtego wa kashata ndefu

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Suzuki Jimny ya mwaka 2008, injini ya 1.3, tairi zake ni saizi 205/70R15. Naishi Arusha na kikazi nakwenda Engaruka mara kwa mara: lami mpaka Mto wa Mbu, halafu vumbi na mawe. Matairi yangu yamekwisha. Muuzaji mmoja wa matairi yaliyotumika amenionyesha seti iliyotoka Japani, kashata zake (yale mabonge ya raba yanayokanyaga barabara) ndefu utadhani mapya. Ubavuni yameandikwa M+S, kuna na mchoro wa mlima, akaniambia hayo ndiyo hasa ya mbugani. Bei yake haifiki nusu ya mapya. Nimekutumia picha. Rafiki yangu naye ananishauri niachane na saizi hii, nifunge 235/75R15 gari linyanyuke. Nimsikilize nani? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, na seti hiyo usiitolee hata shilingi.

Nimezikuza picha zako. Katika ile ya tatu, karibu na ukingo wa rimu, chini ya vumbi, kuna kiduara kirefu chembamba chenye tarakimu nne: 4012. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 40 ya mwaka 2012. Na picha ya pili ina neno ambalo muuzaji hakukusomea: STUDLESS. Hilo ni tairi la majira ya theluji. Kule Hokkaido na sehemu nyingine za baridi za Japani watu huyafunga wakati wa baridi na kuyavua joto likirudi. Raba yake imetengenezwa laini makusudi isikakamae kwenye barafu, na kila kashata imechanjwa mistari myembamba mingi ili ing'ate pale panapoteleza. Ulete raba hiyo kwenye lami ya Makuyuni saa nane mchana: inalika upesi, na kashata zilizochanjwa zinajipinda unapokata kona au kufunga breki, gari linakuwa kama halijui linakoelekea.

Ule mlima wenye chembe ya theluji ndani yake unathibitisha kwamba tairi lilifaulu jaribio la kwenye theluji. M+S ni tope na theluji, na hiyo mtengenezaji anajiandikia mwenyewe pasipo jaribio lolote. Utaikuta hata kwenye matairi ya kawaida kabisa. Hakuna hata alama moja kati ya hizo inayozungumzia mawe ya Engaruka.

Lakini tuiache theluji. Hata kama yangekuwa matairi halisi ya A/T (all-terrain, yaani ya lami na vumbi) ningekukataza, kwa sababu ya ile tarakimu. Hapa ndipo ninapochoka kila siku. Mteja anaingia, anachuchumaa, anaingiza kidole katikati ya kashata, kidole kinazama, anatabasamu na kutoa hela. Hajasoma chochote ubavuni. Kwake yeye tairi ni kashata, na kashata zikiwepo tairi ni zima.

Kashata ni sehemu ya kuliwa tu. Kinachobeba gari ni nyuzi zinazopita ubavuni kutoka mdomo mmoja wa tairi hadi mwingine, na mikanda ya chuma iliyolazwa juu yake, chini ya kashata. Vitu hivyo vyote vimeshikanishwa na raba. Raba inazeeka hata tairi likiwa limetundikwa ghalani. Oksijeni inaiingia, tena kutoka ndani, kwa kuwa upepo uliomo unaisukuma ipenye. Joto linaharakisha kazi hiyo. Viwandani raba huchanganywa na nta na dawa za kuikinga na hewa na jua, lakini kinga hizo hujisogeza juu vizuri zaidi tairi linapozunguka na kujikunja. Lililokaa bila kutembea linapasuka nyufa mapema. Kwa hiyo tairi la zaidi ya miaka kumi lenye kashata ndefu usilifurahie. Urefu ule unakuambia kwamba halikutembea, lilikaa, na raba yake imefika hali ya ndala za zamani zilizosahaulika juani: kwa macho ziko vizuri, ukizikunja zinakatika.

Kinachotokea barabarani hakitoi onyo refu. Raba iliyo kati ya mikanda ya chuma inaanza kuachia pembeni. Pengine utahisi mtetemo mdogo ukadhani ni balansi. Kisha, kwenye kasi, kashata yote inabanduka ikiwa kipande kimoja na kupigapiga matao ya gari. Jimny ni fupi na imeinuka. Likibanduka tairi la nyuma ukiwa kilomita 100 kwa saa, nafasi ya kulirudisha gari kwenye mstari ni ndogo sana. Mwaka 2000 kule Marekani, Firestone ilirudisha mamilioni ya matairi, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka na magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilipita 200. Hayakuwa vipara. Yaliachia ndani, kwenye mikanda, na matukio yalikuwa mengi zaidi kwenye majimbo yenye joto.

Michelin wanashauri tairi likitimiza miaka mitano ya matumizi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu litoke kiwandani litolewe hata kama kashata zipo. Wako watengenezaji wa magari wanaosema miaka sita. Kwa jua letu na mawe yetu, mimi nasimama na hao wa sita.

Sasa ununue nini? Hesabu safari yako. Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu ni zaidi ya kilomita 100 za lami, ndipo uanze vumbi. Tairi la A/T ndilo lako, jipya, la mwaka huu au uliopita. La M/T (mud-terrain, yaani la tope), lenye mabonge makubwa na nafasi pana, lina faida yake kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, maana A/T hapo hujaa tope na kugeuka kipara kwa muda. Lakini utalipia faida hiyo kila siku ya lami: kelele, mafuta, na breki inayochelewa lami ikiwa na maji. Kwa safari zako hailipi.

Saizi: baki na 205/70R15, au panda hadi 215/75R15, isiwe zaidi. Rafiki yako anawaza kunyanyua gari, ila hesabu hajaifanya. Tairi lako la sasa lina kipenyo cha milimita 668 hivi. La 235/75R15 lina 733. Tofauti ni 65, lakini nusu yake iko juu ya ekseli, kwa hiyo difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, inapanda milimita 33 tu. Kwa sentimita tatu hizo, tairi linasugua bampa na matao ukikata usukani mpaka uinue springi, na gari linakwenda karibu asilimia 10 zaidi ya mshale: dashibodi ikionyesha 80, wewe uko 88 hivi. Na injini yako ni ya 1.3! Panda mlima wa Manyara pale juu ya Mto wa Mbu ukiwa na watu wanne na mizigo, gia ya tano utaisahau, na ya nne pia. Breki nazo zilipimwa kwa tairi dogo na jepesi. Zaidi ya hayo, Jimny zinajulikana kwa ugonjwa wa usukani kutikisika ghafla kwenye mwendo wa 70 au 80, na matairi mazito yasiyo na balansi nzuri huuamsha. La 215/75R15 lina kipenyo cha milimita 703 hivi, linaingia bila kuinua springi, na kwenye 80 utakuwa umezidi kwa kilomita nne hivi. Hiyo unaweza kuishi nayo.

Usishawishiwe na plai kumi (plai ni kipimo cha uimara wa tairi). Soma namba ya uzito ubavuni: 95 maana yake tairi moja linabeba kilo 690. Manne yanabeba kilo 2,760, wakati Jimny yako na kila kilichomo haifiki tani moja na nusu. Tairi la plai kumi lilitengenezwa kwa ajili ya pikapu zinazobeba shehena. Chini ya gari jepesi halijikunji, linadunda juu ya jiwe badala ya kulikumbatia, na wewe unarukaruka nalo. Kama ubavu umekuwa ukikatwa na mawe, tafuta A/T ya plai sita. Inatosha.

Funga manne yanayofanana, kampuni moja na muundo mmoja. Jimny haina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti. Ukiingiza 4x4 huku matairi ya mbele na ya nyuma yana vipenyo tofauti, gia za kugawa nguvu zinabeba ugomvi huo mpaka zichoke.

Upepo: kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na namba zake ni za tairi lililopoa. Tafadhali usiwe miongoni mwa wanaosimama Makuyuni kutoa upepo kwa kuwa tairi limepata moto na linaweza kupasuka. Kupanda kwa PSI (kipimo cha upepo) nne au tano tairi likipata joto ni jambo ambalo kiwanda kimeshalihesabu. Ukiutoa, tairi likipoa litakuwa pungufu, na tairi pungufu ndilo linalojikunja kupita kiasi, likazalisha joto, likapasuka. Kwenye mchanga shuka hata PSI 16 na uende polepole. Kwenye mawe makali punguza tatu au nne tu, maana ukishusha sana ubavu unatokeza nje na ndio wenye ngozi nyembamba. Nunua kipima upepo chako na pampu ndogo ya umeme. Ukirudi lami, jaza kabla ya kuondoka.

Nirudi kwa wauza matairi yaliyotumika, kwa sababu si wewe peke yako wanayemlenga. Ninaona matairi ya Noah za abiria, ya gari za shule, ya pikapu za mboga, na hali ni ile ile. Wanayaosha na kuyapaka dawa ya kung'arisha mpaka nyufa zinafichika. Ukitaka kuziona, usiangalie juu ya kashata. Ziko chini, kwenye mfereji kati ya kashata mbili, na pale ubavu unapokutana na kashata. Kandamiza kwa vidole gumba viwili, mfereji ufunguke: nyufa zitajitokeza hata chini ya dawa. Kisha ingiza mkono ndani ya tairi, uzungushe kiganja chako chote. Ukigusa unga wa raba, au mstari uliochubuka unaozunguka ubavu kwa ndani, tairi hilo liliwahi kutembea bila upepo. Nyuzi zake zimevunjika na hakuna wa kuziunga.

Mbaya zaidi ni wanaochonga. Tairi limekwisha, fundi anachukua kisu cha moto, anachimba mifereji mipya, na linauzwa kama la nusu maisha. Matairi yanayoruhusiwa kuchongwa ni ya malori na mabasi, na yameandikwa REGROOVABLE ubavuni, kwa kuwa kiwandani yaliongezewa raba ya ziada chini ya kashata. La gari dogo halina raba hiyo. Kisu kinafika karibu na chuma, maji yanaingia, kutu inaanza, na mkanda unaachia. Sawa na hao ni wanaoshona ubavu kwa uzi kisha kubandika kiraka kwa ndani. Pancha hutengenezwa pale kashata zinapokanyaga, basi. Ubavu ukikatwa nyuzi, tairi limekufa, na anayekushonea anajua kwamba likipasuka hatakuwemo ndani ya gari.

Wanasema maskini hawezi kununua mapya. Nawaelewa wanaobanwa, na ndiyo maana nasema: nunua jipya la kampuni ya bei ya kati kuliko kuukuu la jina kubwa. Kama huna hela ya manne leo, nunua mawili, yafunge nyuma, na mpaka upate mengine mawili usiingize 4x4 kwenye lami wala ardhi ngumu.

Ukienda dukani, usikubali kuonyeshwa tairi moja kisha ukafungiwa mengine kutoka stoo. Tarakimu za tarehe mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, hivyo yageuze yote, usome kila moja kabla halijaingia kwenye rimu, na udai vali mpya.

Halafu zunguka nyuma ya gari lako uvue lile jalada la spea. Kwenye Jimny nyingi za umri wa yako, tairi la mlangoni ni lile lile lililokuja nalo kutoka kiwandani: kashata zote zipo, vinyweleo vya raba bado vimesimama, na tarakimu zinaishia na 08. Hilo usiondoke nalo kwenda Engaruka. Nunua matano.