Vyungu vya Ikombe vinavunjikia njiani: kosa liko wapi?

SWALI: Nilinunua vyungu 40 vya Wakisi kutoka Ikombe, Ziwa Nyasa. Nikavipanga kwenye matenga mawili, nikajaza nyasi za mpunga, vikapanda basi kutoka Kyela hadi Dar es Salaam. Vilivyofika vizima ni 29. Vingi vimepasuka tumboni, vingine vimekatika shingo, na vitatu vimetoboka kitako. Sasa nina mteja Ujerumani anataka 12. Nivifungeje?

JIBU: Kama vigae bado unavyo, usivitupe, maana ndivyo vinavyosema kosa lilikuwa wapi. Ufa wa umbo la nyota tumboni ni alama ya kubonyezwa mahali padogo, na mara nyingi aliyebonyeza ni chungu jirani. Udongo uliochomwa huvumilia kukandamizwa, ila hauvumilii kuvutwa. Tumbo likibonyezwa kwa nje, ngozi ya ndani huvutika na ufa huanzia huko, kwa hiyo chungu kinaweza kuonekana kizima Iringa na kufunguka Morogoro. Shingo hukatika mzigo wa juu unapokaa mdomoni, au kamba inapopita shingoni. Kitako nacho ni habari ya umbo: vyungu hivi vina kitako cha mviringo, hivyo ukikiweka kwenye sakafu ngumu uzito wote unakaa kwenye eneo la sarafu, na kila tuta linapiga hapo hapo.

Huenda nyasi hazikuwa chache. Zililala tu. Kwa zaidi ya kilomita 900 za mtikisiko nyasi hushikana, nafasi inabaki juu, vyungu vinateremka na kukutana. Pumba za mpunga ni mbaya zaidi zikimwagwa ovyo, kwa sababu hutiririka kama mchanga na chungu huzama hadi chini. Zitie kwanza kwenye vifuko vidogo vilivyofungwa.

Kabla ya kufunga, gonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, na hicho kiuze hapo hapo. Kisha anika juani siku mbili. Vyungu vya Ikombe huchomwa kwenye moto wa wazi, si kwenye tanuri, kwa hiyo hufyonza maji. Kilichorushiwa maji mtumbwini ni kizito na dhaifu, na ukikifunga kwenye plastiki kitaota ukungu.

Kwa safari ya Dar, kila chungu kipate nguo yake. Tanguliza karatasi isiyo na maandishi, kwani wino wa gazeti hushika kwenye nakshi nyeupe, kisha tabaka tatu za majani makavu ya mgomba, ukifunga kamba tumboni. Shingoni zungusha majani mpaka unene ulingane na tumbo. Mdomoni tia karatasi iliyokunjwakunjwa, bila kushindilia, maana msukumo wa ndani nao hupasua.

Halafu suka ngata ya nyasi, ile ile ya kubebea ndoo kichwani, nene kama vidole viwili. Chungu kikikaa juu yake, uweze kupitisha kidole chini ya kitako. Usipoweza, ngata ni nyembamba au tundu lake ni pana mno. Hatua hii ndiyo huachwa mara nyingi, na ndiyo iliyokugharimu vile vitatu.

Tenga lina ubavu laini: ukikaza kamba, ubavu unaingia ndani na kubana vyungu. Afadhali boksi gumu la katoni. Acha sentimita 5 za kujaza chini, juu na pembeni, na 3 kati ya chungu na chungu pamoja na kipande cha katoni. Usizidishe safu mbili, na ubao wa kati ya safu ulale juu ya vipande hivyo vya katoni, usilale juu ya vyungu. Tikisa boksi, liache kidogo, jaza tena. Linapofungwa kifuniko kiwe kinagoma kidogo. Uzito usizidi kilo 15, maana kinachomshinda mtu mmoja kubeba hakiwekwi chini, kinaangushwa. Kwenye buti omba nafasi ya katikati ya basi; nyuma ya tairi za nyuma ndiko kunakorusha zaidi.

Ujerumani ni kazi nyingine. Nyasi na majani ya mgomba yasiingie humo kabisa, kwa kuwa ni mabaki ya mimea na yanaweza kuzuiwa mpakani. Tumia karatasi na plastiki ya viputo, na ukichagua sanduku la mbao, mbao ziwe na mhuri wa ISPM 15, yaani alama ya kimataifa kwamba zimetibiwa dhidi ya wadudu. Hapa funga boksi ndani ya boksi. Tuseme chungu kina upana na kimo cha sentimita 20: boksi lake liwe la 26 kila upande, kisha maboksi manne yaingie kwenye la nje la 62 × 62 × 36, ili sentimita 5 zibaki pande zote. Kampuni nyingi za vifurushi vya ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000 kupata kilo za kutoza, kwa hiyo boksi hilo litatozwa kama kilo 28 hivi hata kama mizani inasoma 10. Maboksi matatu ni kilo 84 za kulipia; mwambie mteja kabla hajalipa. Muulize pia kama atavipikia au ni pambo, maana Umoja wa Ulaya unadai tamko la maandishi kuhusu madini ya risasi na kadimiamu, ambayo ni sumu, kwa vyombo vya udongo vinavyogusa chakula.

Kabla ya kufunga vyote 12, funga kimoja cha bei rahisi kwa mtindo huo huo, kiangushe kutoka usawa wa kiuno, kwa kona moja, kwa ubavu na kwa kitako, kisha fungua. Chungu kikiwa kizima lakini kimesogea, ongeza karatasi na urudie.