Uvimbe Hauna Ukoo

SWALI: Mwalimu, baba yetu mkubwa ana saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Daktari amesema apimwe jeni kwanza ndipo achaguliwe dawa. Nilipoandika kwenye kundi la familia kwamba "atapimwa DNA", wanawe walinuna, na shangazi akauliza ni mtoto gani anayetiliwa shaka. Niseme jeni, vinasaba au DNA? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Poleni sana kwa kuuguza. Sema jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maagizo ya kuendesha seli, tena usiliache neno hilo peke yake: sema "jeni za uvimbe".

Shangazi hana kosa. Kosa ni letu tunaoandika magazetini na kusoma habari redioni. Tumeining'iniza DNA kwenye kesi za matunzo ya watoto, ugomvi wa mashamba na miili isiyotambulika, mpaka Mkenya akisikia "kupima DNA" anamtafuta baba aliyemkana mwana. Nimelipinga hili miaka mingi, na leo limeingia chumbani kwa mgonjwa.

Tazama damu. Mama akirudi zahanati akasema amepimwa damu, utamuuliza: wametafuta nini? Malaria? Sukari? Homa ya matumbo? Sindano ni moja, maswali ni mengi. Lakini walio na umri wangu wanakumbuka wakati ambapo huku kwetu "kupimwa damu" kulikuwa na maana moja tu, ukimwi. Mtu mwenye malaria aliambiwa akapimwe damu, akapitia mlango wa nyuma na kurudi nyumbani na homa yake. Damu haikuwa imebadilika. Neno ndilo lililobanwa, na waliobanwa nalo waliumia. DNA tunaifanyia vivyo hivyo.

Vinasaba nalo ni neno zuri, ila si la hapa. Limetokana na nasaba, Kiarabu kwa ukoo, na msikilizaji ataanza kuhesabu mababu. Ndipo linapozuka lile lisemwalo matangani, "kansa ya ukoo wao", ambalo silivumilii hata kidogo. Mabadiliko ya jeni yanayotafutwa kwenye uvimbe wa mapafu, kwa wagonjwa walio wengi, hayakurithiwa kwa baba wala mama. Yametokea ndani ya seli za pafu, mtu akiwa mzima, akiendelea na maisha yake. Wanawe hawamo katika kipimo hicho.

Kinachopimwa ni kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, na pengine damu, kwa sababu uvimbe humwaga humo vipande vya jeni zake. Tangu 2004 imejulikana kwamba uvimbe wenye mabadiliko fulani kwenye jeni iitwayo EGFR husinyaa kwa vidonge vinavyolenga protini itokanayo na jeni hiyo. Osimertinib ni kimojawapo. Jeni ya ALK nayo ina vidonge vyake. Mabadiliko yasipoonekana, daktari hugeukia kemo au dawa za kuamsha kinga ya mwili. Saratani iliyosambaa haiponi kwa vidonge hivyo, lakini anayefaa kuvipata anaweza kupumua vyema na kuongezewa muda.

Basi rudi kwenye kundi usiku huu, kabla wanawe hawajaanza kusemezana, uandike: "Baba mkubwa atapimwa jeni za uvimbe, ili daktari ajue dawa ya kumpa." Shangazi mpigie simu umweleze kwa mdomo.