Mwajiri akisema hamfiki nusu, muulize: nusu ya nani?

Mkuu, umesema mna wanachama 70 kati ya wafanyakazi 120 wa kiwandani, mwajiri akajumlisha madereva na watu wa matawi ya mikoani, hesabu ikafika 160, akawaambia chama chenu cha wafanyakazi hakina wingi wa kutambuliwa kuwa msemaji wenu kwenye majadiliano. Nilikuwa katibu wa tawi kwenye kiwanda cha magodoro hapa Dar, na sisi tulifanyiwa hivyohivyo.

Tulikuwa wanachama 104, uzalishaji wote una watu 163, tukajiona tumemaliza kazi. Barua ya mwajiri ikaja na orodha ya watu 236: wauzaji wa Mwanza na Mbeya, madereva, wa ofisini, hadi mpishi. Hapo ilitakiwa tufike 119. Wenzangu wakataka tuchange nauli mtu akaandikishe wanachama Mwanza. Nikakataa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 67, haidai wingi wa kampuni nzima. Inadai wingi ndani ya kundi linalofaa kwa majadiliano, yaani wale ambao chama kitajadiliana na mwajiri kwa niaba yao, na kundi hilo mwajiri halipangi peke yake. Mkishindwana hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, inaangaliwa pande zote zinataka nini, huko nyuma mlijadiliana vipi, maslahi yenu yanafanana kiasi gani, kampuni imepangwaje, kazi zinategemeanaje, na mko eneo gani. Ila sheria hiyohiyo haitaki kampuni ikatwekatwe vipande. Ukienda na kundi la mashine mbili tu kwa kuwa ndiko mlikojaa, utaumbuka.

Mkipeleka notisi ya kuomba kutambuliwa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi. Zikipita bure, mnafungua mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi, tafadhali. Ya kwanza yetu afisa utumishi aliipokea akicheka na kutukaribisha chai, baadaye akasema hajawahi kuiona. Tukaanza kuhesabu siku upya.

Kule CMA msuluhishi alimuuliza yule afisa: wauzaji wa Mwanza wanalipwaje? Kwa kamisheni. Wanaingia zamu? Hapana. Nikatoa tangazo la mwaka uliotangulia, lenye saini yake mwenyewe, la kupandisha posho ya usiku kwa "wafanyakazi wa uzalishaji na ghala". Hapo nikajichoma mwenyewe, maana ghala tulikuwa tumelisahau kabisa. Watu 19, hakuna mwanachama hata mmoja! Kundi likawa 182, tukahitaji 92.

Halafu zikaanza kukaguliwa fomu za makato ya ada ya chama, zile TUF 6, moja moja dhidi ya orodha ya mishahara. Tisa walikuwa wamesaini kwetu na kwa chama kingine, mmoja kwa dole gumba kote kuwili. Wote tisa wakatolewa. Tukabaki 95. Sijawahi kutokwa jasho vile ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Tungeshindwana pale, jambo lingekwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuagiza kura ipigwe.

Mwajiri alijaribu pia kuwatoa wasimamizi wa zamu 11, eti ni menejimenti. Kwenye sheria, meneja wa ngazi ya juu asiyeruhusiwa kuwa chama kimoja nanyi ni yule anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kufunga mkataba wa hali bora, yaani ule wa mwajiri na chama. Msimamizi wetu hata glavu alikuwa anaombea saini. Wakabaki.

Kwa hiyo achana kwanza na kuandikisha watu wapya. Wa mikoani mnaweza kujenga hoja kwamba hawamo kwenye kundi lenu. Wanaonitia wasiwasi ni madereva: wanalala hapohapo kiwandani na kupakia mzigo pamoja nanyi, au wanalipwa kwa tripu na mkataba wao uko mbali?