Upepo wa ziwa umemeza sauti ya bibi: nimlipe fundi aisafishe?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Uyole, Mbeya. Nimepiga filamu fupi ya makala kuhusu akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu Ikombe, karibu na Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Picha zimetoka vizuri. Tatizo ni mahojiano na bibi mmoja ambaye ndiye uti wa mgongo wa filamu. Niliyafanya ufukweni kwa maiki ya ndani ya kamera, kama mita mbili kutoka alipokaa, na upepo na mawimbi vimemfunika. Kijana mmoja mjini ana programu ya akili mnemba, anasema inaondoa kelele zote, anataka laki tatu. Mwingine anasema kamera yangu ndiyo mbovu, ninunue ya 4K. Nianze na lipi?

Jibu: Marahaba, binti. Usianze na lolote kati ya hayo.

Huyo wa laki tatu, aliisikiliza rekodi yako kabla ya kutaja bei? Nauliza kwa sababu kila anayeniletea filamu ya aina hii alishapita kwa mtu kama huyo, na karibu kila mara bei ilitangulia masikio. Fundi wa sauti huomba faili kwanza, tena ile iliyotoka kwenye kamera, siyo iliyopita WhatsApp. Anavaa hedifoni, anasikiliza, ndipo anakwambia hiki kinaokoka na hiki hakiokoki. Anayeahidi kuondoa "kelele zote" hajui hata una kelele gani.

Wewe unazo mbili, na hazifanani. Ule mngurumo wa upepo ni hewa inayogonga kiwambo cha maiki. Mtu aliyekaa pale ufukweni hakuusikia hivyo. Sehemu yake kubwa iko chini ya hezi 200 (hezi ni kipimo cha uzito au wembamba wa sauti; namba ndogo ni sauti nzito), wakati msingi wa sauti ya mwanamke kwa kawaida huanzia karibu hezi 165 kwenda juu. Kwa hiyo ukikata kila kitu chini ya hezi 100 unapunguza mngurumo bila kumgusa bibi. Kichujio hicho kimo hata kwenye toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, na hakuna sababu ya kukilipia laki tatu. Ila angalia kwanza mchoro wa sauti. Ukiona vilele vimekatwa bapa, kama vimepitiwa na panga, basi upepo uliizidi nguvu maiki na maneno yaliyokuwa pale hayamo kwenye faili. Hakuna wa kuyarudisha.

Mawimbi ni shida nyingine. Maji yanayovunjikia kwenye kokoto yana sauti ya kuchuruzika iliyotapakaa kuanzia chini hadi juu, na huko juu ndiko zinakoishi *s*, *sh* na *f* za bibi. Programu ikiyafuta mawimbi, inaondoka na konsonanti zake. Unabaki na bibi anayeongea kana kwamba yumo ndani ya mtungi. Chumvi ikishayeyuka kwenye mchuzi huichoti kwa kijiko.

Kuhusu hizo programu mpya, nitasema wazi kwa sababu wewe unatengeneza makala, siyo tangazo la sabuni. Baadhi yake hazisafishi. Zinaiunda upya sauti kwa kukisia mtu alisema nini, na zimejifunza kukisia kutokana na lugha zenye rekodi nyingi. Bibi yako akichanganya Kiswahili na Kikisi, mashine itampa silabi ambazo hakuzitamka, nawe utaziweka kwenye filamu yenye sura yake na jina lake. Hilo mimi silikubali hata kidogo. Na usijifariji kwamba utaweka manukuu chini. Manukuu yanaeleza maana tu. Mtazamaji bado anataka kumsikia mtu.

Kamera ya 4K ni idadi ya nukta za picha, basi. Maiki ya ndani ya kamera ya bei mbaya bado iko mita mbili kutoka mdomoni, na mara nyingi kamera hujiongezea sauti yenyewe msemaji anaponyamaza, ndiyo maana kila bibi akivuta pumzi ziwa linavamia. Kinachokusumbua ni umbali. Kila ukipunguza umbali wa maiki kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), huku kelele za mazingira zikibaki pale pale. Kutoka mita mbili hadi sentimita 20, yaani maiki ndogo ya kubana kwenye kitenge chini ya kidevu, ni karibu desibeli 20. Programu yoyote inayokupa tofauti kubwa namna hiyo itakuwa imeng'ofoa maneno.

Kwa hiyo rudi Ikombe. Laki tatu ni nauli, chakula, na kuazima maiki ya kubana na rekoda. Ivalishe maiki manyoya, maana sponji peke yake kwenye upepo wa ziwa haifui dafu. Kwenye mipangilio ya ubora ya rekoda chagua hezi 48,000 na biti 24, vilele vikicheza karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Mwombe bibi mkae ndani, mahali penye mikeka, nguo zilizotundikwa na kitanda, kwa sababu vitambaa vinameza mwangwi. Kama paa ni la bati na wingu limetanda, subirini. Mwache asimulie upya kwa namna yake. Usimsomee alichosema mara ya kwanza, ataanza kukariri. Sauti hiyo utaiweka juu ya picha za mikono yake kwenye udongo, na ufukwe wako mzuri hautapotea. Ukimaliza, rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, utaihitaji kuzibia maungio ya sauti unapohariri. Kisha rekodi ufinyanzi wenyewe kwa karibu: udongo unavyopondwa, chungu kinavyosuguliwa, moto wa kuchomea. Katika filamu kuhusu vyungu, hizo nazo ni mahojiano.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu halikuanzia kwako. Vijana wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanapiga picha za kushindana na yeyote. Mwanga wa asubuhi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au Rungwe unawasaidia, milima inawasaidia. Halafu wanapanda Kitulo, uwanda wa nyasi usio na mti wa kukinga upepo, wanamhoji mtu kwa maiki ya kamera, na mwongozaji anasema, "Tutarekebisha kwenye kuediti." Wanakaa kando ya barabara kuu pale Mafinga, lori la Tunduma linapita katikati ya jibu, na hakuna anayesema, "Samahani mzee, turudie." Hawajavaa hedifoni, kwa hiyo hawajui. Ninawasikia wakitafuta fedha za droni kabla hawajamiliki maiki. Na pembeni wapo watu wazima wanaoishi kwa ujinga huo: wanauza mafunzo ya siku moja, wanauza mipangilio ya sauti "ya kubofya mara moja", wanauza usafishaji. Hakuna hata mmoja wao atakayekwambia uvae hedifoni, kwa sababu ukizivaa unapoanza kurekodi hutakuwa na haja naye.

Kama ulishampa yule kijana kianzio, mdai. Na kama ana kadi yako ya kumbukumbu, ichukue leo hii, uhifadhi faili zako asili sehemu mbili tofauti kabla hujafanya kingine chochote.