"Dizeli imeishiwa" au "tumeishiwa dizeli"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, wilayani Chamwino. Kwenye taarifa ya mwezi niliandika, "Dizeli ya pampu imeishiwa tangu Jumatatu." Mwenyekiti akakata, akaandika "imeisha". Kosa ni lipi? Na tuseme "tumeishiwa dizeli" au "tumeishiwa na dizeli"?

JIBU: Marahaba, katibu. Mwenyekiti kasahihisha vyema. Kinachoisha ni kitu. Anayeishiwa ni yule aliyebaki bila kitu hicho. Dizeli imeisha, ninyi mmeishiwa. Hata pampu yaweza kuishiwa dizeli. Lakini ukisema dizeli imeishiwa, msomaji atauliza: imeishiwa nini? Madukani hapa Dodoma utasikia "unga umeishiwa, njoo kesho", na muuzaji anaeleweka vizuri tu. Kwenye taarifa halifai.

Utamu uko kwenye hiyo "na". Kitenzi kimepanda hatua kwa hatua: isha, ishia, ishiwa. Ukigeuza "dizeli imetuishia" kuwa kauli ya kutendwa unapata "tumeishiwa na dizeli", kama "mume amemfia" inavyozaa "amefiwa na mume". Kwa hiyo wanaoipiga marufuku "na" wanazidisha ukali. Ila wasemaji wengi wamezoea kuiacha: tumeishiwa unga, kaishiwa maneno, simu imeishiwa chaji. Nami ningeiacha.

Hili hukuliuliza, lakini kwa mwandika taarifa ndilo zito zaidi. Usiandike "tumemaliza dizeli" kama hujui ilikwenda wapi. Kumaliza kuna mtendaji, na hapo umekiri kwamba ni ninyi. "Tumeishiwa" yasema tu kwamba haipo. Iwe pampu iliichoma, pipa lilivuja au mtu aliichota usiku, neno halisemi. Mkaguzi makini ataiona tofauti hiyo kabla hajagusa hesabu. Kama mnaandika saa ambazo pampu hufanya kazi, basi semeni wazi "tumetumia", na lita zake. "Pampu inakula dizeli" ni Kiswahili safi, ila kiacheni kijiweni.

Usishangae pia ukikuta "imekwisha" badala ya "imeisha". Zote sawa. Ile "ku" hubaki kama katika "amekula" na "amekuja", isipokuwa kitenzi hiki kinaruhusu kuiacha. Chagua moja, uitumie taarifa nzima.